Unataka mwenzako aupende mchezo wako? Anza kwa kufunga mdomo

Wiki iliyopita niliandika juu ya baba anayepotea nyumbani kila Jumamosi. Meseji zilikuja nyingi, na nyingi zilitoka kwa kina mama. Mmoja aliniuliza swali fupi tu: "Wewe mwandishi, Jumamosi zako ulikuwa unazipeleka wapi?"

Ni swali la haki, na leo nalijibu. Nilikuwa nazipeleka porini, nikirusha visahani vya plastiki kwenye vikapu vya chuma.

Usicheke kwanza. Ngoja nieleze.

Familia yetu iliishi miaka sita Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, pale ambapo baridi ya Januari inagandisha ziwa mpaka watu wanaegesha magari juu yake. Mama watoto ndiye aliyetangulia. Alipata kazi ya kuhudumia wagonjwa kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mimi na kifunguamimba wetu tukamfuata mwaka na nusu baadaye. Kitindamimba alizaliwa hukohuko.

Kazi yake ilikuwa ya zamu ya usiku. Mimi nilikuwa ghalani, zamu ya mchana. Yeye akiingia mlangoni asubuhi, mimi natoka. Tukikutana ni ngazini, mmoja amebeba chakula cha kwenda nacho kazini, mwingine amebeba mtoto. Wengi walioishi ughaibuni wanayajua maisha hayo. Wapo wanaoyajua hata hapa nyumbani.

Kazini rafiki mmoja alinipeleka kucheza gofu ya diski. Nilirusha mara moja, diski ikapaa juu ya miti, ikapinda yenyewe na kutua karibu na kikapu. Nilikwisha. Kuanzia siku hiyo kila Jumamosi asubuhi nilikuwa kiwanjani na wenzangu wanne, narudi saa nane mchana, viatu vina matope na roho imetulia. Mama watoto alikuwa amerudi kutoka zamu saa moja asubuhi, akakuta nimeshavaa kofia, akabaki na watoto wawili na usingizi wake.

Jumamosi moja nikamkuta jikoni, kasimama, macho mekundu. Mimi nikaanza kumsimulia nilivyofunga shimo la kumi na moja kwa mitupo miwili. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu:

"Hicho kisahani unakijua kuliko unavyonijua mimi."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningejitetea. Nikaenda kuoga, nikakaa bafuni muda mrefu.

Mchezo wenyewe ni upi?

Kwa ambao hamjawahi kuuona, fikiria gofu ile ya fimbo na kimpira, kisha ondoa fimbo, ondoa kimpira, na uondoe ada ya uanachama wa klabu. Badala ya kimpira unarusha diski. Badala ya tundu ardhini kuna kikapu cha chuma kilichosimama juu ya mlingoti, na juu yake minyororo inaning'inia. Diski ikigonga minyororo inapoteza kasi na kudondokea kikapuni. Mlio wake ni mtamu, kama mtu amemwaga sarafu.

Unaanzia kwenye sakafu ndogo ya zege. Unarusha, unaifuata diski ilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo, hadi iingie. Anayetumia mitupo michache ndiye mshindi. Kila kikapu kinaitwa shimo ingawa hakuna shimo lolote, na kiwanja kamili kina mashimo 18, vidogo vina 9. Huko Marekani viwanja hivyo ni maelfu, na vingi viko ndani ya bustani za umma ambako hulipi kiingilio. Unahitaji diski moja au mbili, viatu vizuri na chupa ya maji.

Mchezo si wa zamani sana. Kiwanja cha kwanza cha kudumu kiliwekwa mwaka 1975 katika Oak Grove Park, California, na Ed Headrick, ambaye pia ndiye aliyebuni kikapu cha minyororo. Mzee huyo aliupenda mchezo kiasi kwamba alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki na kutengenezwa diski, kwa mapenzi yake mwenyewe. Hapo ndipo unapojua kwamba ugonjwa wangu ulikuwa na wagonjwa wakubwa zaidi.

Lakini hadithi ninayoipenda ni ya nyuma zaidi. Mwaka 1937 kijana mmoja wa California, Walter Frederick Morrison, alikuwa akirushiana mfuniko wa kopo la bisi na mchumba wake, Lucile. Mfuniko ulipobonyea wakahamia kwenye sahani ya bati ya kuokea keki. Walipokuwa wakirushiana ufukweni, mtu akawapa senti 25 aichukue sahani hiyo, ambayo dukani iliuzwa senti 5. Morrison akaona biashara hapo. Baadaye sana, mwaka 1957, kampuni ya Wham-O ilianza kuuza sahani yake ya plastiki, na ndiyo ikaja kuitwa Frisbee.

Kwa maneno mengine, mchezo ulioniondoa kwa mke wangu ulianzia kwa watu wawili waliokuwa wakichumbiana. Nilipoisoma habari hiyo nilijisikia vibaya.

Siku niliyoharibu

Baada ya lile neno la jikoni nikapata wazo. Nitampeleka na yeye! Tutakuwa pamoja, nami sitaacha mchezo. Ndege wawili kwa jiwe moja.

Sikumwuliza kama anataka. Nilimwambia, "Jumamosi hii tunakwenda wote." Watoto tukawaacha kwa jirani Mkenya, dada mwenye moyo sana, naye pia tulimshtukizia.

Sasa hesabu makosa yangu, msomaji, kwa sababu huenda ni yako pia.

Kwanza, nilimpeleka pamoja na wale wenzangu wanne. Mtu hajawahi kushika diski maishani, nikamweka mbele ya wanaume wanne waliosimama kimya wakimtazama. Kwenye mchezo huu ni adabu kunyamaza mtu anaporusha. Kwa mgeni, ukimya ule ni kama wa mahakamani.

Pili, nilichagua kiwanja ninachokipenda mimi, mashimo 18 ndani ya msitu, mwezi Julai, jua na mbu. Yeye alikuwa ametoka zamu saa chache zilizopita.

Tatu, nilimpa diski zangu nilizoacha kutumia. Zilikuwa za masafa marefu, nzito, zenye ukingo mkali. Niliamini kwamba diski inayokwenda mbali kwangu itakwenda mbali kwake.

Nne, na hili ndilo baya kuliko yote, nilifundisha. Nilifundisha kabla hajarusha, wakati anarusha na baada ya kurusha. "Kaza vidole. Geuza nyonga. Usiinue bega. Angalia mti ule. Hapana, sio hivyo. Nimekwambia usiinue bega."

Shimo la saba lilikuwa kando ya bwawa. Diski yake ikatoka mkononi, ikaelemea kushoto, ikazama. Nami kinywa changu kikasema, "Aah, ile nilinunua dola kumi na nane."

Mke wangu hakujibu. Aliweka begi chini polepole, akageuka, akatembea kurudi kwenye gari. Nilimkuta kiti cha abiria, amefunga mkanda, anatazama mbele. Siku tatu nyumbani kwetu iliongea televisheni peke yake.

Mwalimu niliyemsahau

Siku ya nne ilinyesha mvua kubwa, nikawa naendesha kwenda kazini, gari likateleza kidogo kwenye kona. Mikono yangu ikafanya yenyewe kinachotakiwa: nikaachia mafuta, sikukanyaga breki kwa nguvu, nikauelekeza usukani ninakotaka kwenda. Gari likatulia.

Nani alinifundisha hivyo? Mke wangu.

Nilipofika Marekani nilikuwa na leseni ya Tanzania na majigambo ya dereva wa miaka kumi. Lakini huku tunaendesha kushoto, kule ni kulia, na nilifika Desemba, barabara ni barafu tupu. Yeye alikuwa ameshazoea. Unajua alichofanya? Alinipeleka kwenye maegesho ya supamaketi Jumapili usiku, duka limefungwa, hakuna gari wala mtu. Akasema, "Leo utajifunza kusimama tu. Basi." Tukazunguka pale nusu saa, nikijifunza kusimama. Nilipogonga rundo la theluji alicheka nami, hakunicheka. Tukarudi nyumbani kunywa chai. Wiki iliyofuata, kukata kona tu. Hakuwahi kuniambia mambo mawili kwa siku moja. Hakuwahi kunikosoa mbele ya mtu.

Mimi nilikuwa na mwalimu wa namna hiyo ndani ya nyumba, na zamu yangu ya kufundisha ilipofika nikamfanyia mambo ya konda wa daladala.

Jioni nilimwomba radhi. Sikumwambia "samahani lakini." Nilisema nilimpeleka bila kumwuliza, nilimwaibisha mbele ya watu, na nilijali plastiki kuliko yeye. Pia nikasema Jumamosi asubuhi kuanzia sasa ni yake, alale. Watoto nitakaa nao mimi. Mchezo sikuutaja kabisa.

Naomba hapa tusimame kidogo, wazazi wenzangu. Mtu aliyechoka hahitaji kufundishwa mchezo. Anahitaji kulala. Kama mwenzako amebeba nyumba peke yake ili wewe ucheze, usimwalike kwenye mchezo kabla hujampokea mzigo. Mwaliko wa namna hiyo ni kazi nyingine unamwongezea.

Tenga la nguo

Wiki kama sita zilipita. Jumamosi zangu zikawa za watoto. Jioni, jua la kiangazi la Minnesota halizami hadi karibu saa tatu usiku, kwa hiyo baada ya chakula nilikuwa natoka nao kwenye kiwanja cha nyasi nyuma ya nyumba zetu. Kifunguamimba alikuwa na miaka kumi. Tukatoa tenga la nguo chafu, tukaliweka hatua tano, na tukawa tunarusha diski moja laini ndani yake.

Jioni moja mama watoto alikuja kutuita, mdogo aoge. Alikuwa na kanga na kandambili. Binti yetu akamwambia, "Mama, jaribu moja."

Akaipokea diski. Mimi nikataka kusema kitu juu ya vidole. Nikajing'ata ulimi, sisemi kwa mafumbo, nilijing'ata kweli.

Hakurusha kwa namna niliyomfundisha. Mimi, kama wengi, hurusha kwa mkono wa nyuma: unaivuta diski toka upande mwingine wa kifua na kuifyatua, kama unayegawa karata. Yeye aliinamisha bega kidogo, kiwiko kikakaa karibu na mbavu, na kwa kofi la kiganja akairusha kutoka upande wake wa kulia. Ikapita chini chini, imenyooka, ikaingia ndani ya tenga na kulipindua.

Binti akapiga kelele. Mama watoto akaitazama mikono yake, akasema, "Kumbe ni kama vijiwe."

Ndugu msomaji, mke wangu amekulia Musoma, mita chache kutoka Ziwa Victoria. Utoto wake wote alirusha vijiwe bapa juu ya maji wakashindana na kaka zake kijiwe cha nani kitaruka mara nyingi. Mkono huo wa kando, ambao wachezaji wenzangu walikuwa wanahangaika kuujifunza, yeye aliujua tangu ana miaka saba. Mimi nilikuwa nimemkataza kuutumia bila kujua ninachokataza. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na sikuwahi kumwuliza walichezea nini ziwani.

Nilisema neno moja tu. "Tena?" Akarusha tena.

Yale niliyoyafanya mara ya pili

Hatukukimbilia kiwanjani. Alipotaka yeye mwenyewe, wiki mbili baadaye, nilifanya tofauti, na haya ndiyo ninayokupa leo. Yatumie kwa gofu ya diski, au kwa kuogelea, bao, baiskeli au mchezo wowote unaotaka kumwonjesha mwenzako.

Chagua mahali kwa ajili yake. Tulikwenda bustani ndogo ya mashimo 9, mafupi, nyasi tupu bila msitu, ambako unaiona diski ilipodondoka. Kinachomchosha mgeni ni kutafuta diski vichakani, kurusha hakumchoshi. Hakuna bwawa. Tulikwenda saa moja asubuhi ya siku aliyokuwa mapumziko, kabla ya watu.

Mpe kifaa kinachomfaa. Diski nyingi zina tarakimu nne. Ya kwanza ni kasi: za kulengea kikapu huwa na 2 au 3, za masafa ya kati 4 au 5, za masafa marefu hufika 12 hata 14. Mgeni akiona namba kubwa anadhani ni bora. Kumbe diski ya kasi kubwa inahitaji mkono wenye kasi kubwa. Usipoifikisha hapo haielei, inapinda mapema na kuanguka. Ndiyo maana ile niliyompa ilizama bwawani, na mtu mzima akabaki anaamini ana mkono mbovu. Mwanzoni diski moja ya kikapu na moja ya masafa ya kati zinatosha, na zisiwe nzito. Diski nyingi zina gramu 150 hadi 180. Anza na zile za karibu na 150. Mnunulie mpya, achague rangi mwenyewe. Aliyechagua diski yake ya zambarau huitafuta kwa moyo.

Anzia karibu. Badala ya kuanzia kwenye zege na kuona kikapu mbali kama mnara wa simu, simameni nusu ya njia. Hakuna askari. Mgeni anatakiwa kuusikia ule mlio wa minyororo mapema, na mara nyingi.

Msihesabu. Au mkihesabu, chezeni timu moja. Upo mtindo ambao wote wawili mnarusha, mnatazama diski ipi imekaa pazuri zaidi, kisha wote mnarusha tena kutoka hapo. Mtupo mbaya hauna gharama, na mtupo mmoja mzuri wa mgeni unaweza kuokoa timu. Huu ulitufaa kuliko jambo jingine lolote.

Na kuna siri ndani yake. Kwa mtu wa mkono wa kulia, diski iliyorushwa kwa mkono wa nyuma humalizia kwa kupinda kushoto. Iliyorushwa kwa mkono wa mbele, ule wa vijiwe, humalizia kulia. Kwa hiyo njia ikikata kushoto, mtupo wangu ndio uliotufaa. Ikikata kulia, nilikuwa nasogea pembeni, namwachia yeye. Zile kona za kulia nilikuwa nimezihangaikia misimu miwili. Yeye alizipita siku ya pili.

Sema jambo moja, tena ukiulizwa. Nilijiwekea sheria: sitoi ushauri hadi aulize, na akiuliza najibu jambo moja. Alipofika shimo la nne bila kuuliza chochote, ilikuwa adhabu kubwa kwangu. Shimo la sita akauliza, "Mbona inatikisika hewani?" Nikamjibu, "Kaza kidogo zaidi unapoishika." Nikanyamaza. Mtupo uliofuata ikatulia.

Ondokeni angali anataka. Tulicheza mashimo sita kati ya tisa. Alipoanza kunyoosha mgongo nikasema twende tukanywe chai. Akasema, "Yamebaki matatu tu!" Nikajua atarudi.

Na usalama. Diski za mchezo huu ni ngumu kuliko zile za kuchezea ufukweni, na ukingo wake unaumiza. Watoto wakae nyuma ya anayerusha, wakati wote. Usirushe hadi walio mbele wameondoka. Ikipotea njia kuelekea watu, piga kelele kubwa, aibu baadaye. Kama kuna mtoto wa mkokoteni, mmoja arushe na mwingine ashike mkokoteni.

Kwa yule atakayesema ni mchezo wa wanaume: mwanamke wa Kimarekani Paige Pierce ametwaa ubingwa wa dunia mara tano, na Kristin Tattar kutoka Estonia aliutwaa mwaka 2022 na 2023. Ninawajua wanaume wengi, mimi wa kwanza, ambao wangeaibika sana mbele yao.

Benchi la shimo la tisa

Nilidhani nampa mke wangu mchezo. Nilichopata mimi ni kingine.

Kati ya shimo na shimo mnatembea. Mnatembea ubavu kwa ubavu, hamtazamani usoni, hakuna simu mkononi, na hakuna anayesubiri jibu haraka. Nyumbani nilikuwa nikimwuliza "Kazi ilikuwaje?" naye hujibu "Nzuri." Kiwanjani sikuuliza chochote. Asubuhi moja, tukiwa tumetoka shimo la tano, alianza mwenyewe kunisimulia juu ya bibi mmoja aliyekuwa akimhudumia kwa miaka mitatu. Bibi alikuwa amefariki mwezi uliopita, usiku, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mke wangu, kwa sababu watoto wake walikuwa majimbo ya mbali. Asubuhi hiyo alirudi nyumbani, akapika uji, akawavalisha watoto, hakumwambia mtu.

"Ilikuwa siku gani?" nikamwuliza.

"Jumamosi," akasema.

Hatukurusha tena siku hiyo. Tulitembea hadi benchi la shimo la tisa, tukakaa. Alilia. Kisha akasema kwamba kila akimwosha bibi yule alikuwa anamfikiria mama yake Musoma, nani atamshika mkono. Miezi yote hiyo alikuwa anataka kurudi nyumbani, na hakuona saa ya kuniambia.

Ilituchukua mwaka mwingine na nusu kujipanga, lakini uamuzi ulianzia kwenye benchi lile. Mama mkwe yuko hai, ana miaka themanini na moja, na juzi alimtuma binti yake sokoni kama vile ni mtoto.

Sitaki nikudanganye kwamba diski huponya ndoa. Wapo wanaocheza pamoja na bado hawaelewani. Na yupo mwenzako ambaye utafanya yote niliyoandika naye atasema, "Mume wangu, asante, lakini si mchezo wangu." Hapo kubali. Ameukataa mchezo, hajakukataa wewe. Mwulize yeye anapenda nini, ukawe mgeni upande wake. Mimi sasa najifunza kufuma vitambaa vya makochi, na mwalimu wangu bado hasemi mambo mawili kwa siku moja.

Kwetu hapa hakuna vikapu vya minyororo mtaani. Haitusumbui. Hata huko Marekani, kabla ya vikapu, watu walilenga miti na mapipa ya taka. Jumapili jioni tunakwenda uwanja wa shule ya jirani, kwa ruhusa ya mlinzi, na diski tatu na lile tenga la nguo tulilorudi nalo. Mwembe ni shimo la kwanza, goli la kaskazini ni la pili, tenga ni la tatu. Watoto wa mtaani wanaungana nasi. Juzi mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli alisimama, akatazama, akaomba ajaribu.

Mama watoto akampa diski ya zambarau. Mzee akauliza, "Naishikaje?"

Mke wangu akamjibu, "Wewe ishike unavyoweza, mzee wangu. Rusha tu kwanza."

Wiki hii, mzazi mwenzangu, fanya jambo dogo. Mwulize mwenzako alichezea nini alipokuwa na miaka saba, kisha msikilize. Utakachosikia niandikie, nami nitachagua machache tuyasome pamoja hapahapa. Tukutane wiki ijayo.